Mnara wa Pembe Tano

Pwa.

Ndivyo udongo ulivyolia ulipotua ukutani. Mama yake Domina aliuchota kwa kiganja kutoka kwenye beseni, udongo uliokandwa pamoja na samadi na maji, akaurusha kwa mkono mlegevu, pwa, kisha akausambaza taratibu mpaka ufa ukafumba mdomo. Ilikuwa Desemba, huko Rombo, na kaka mkubwa, Fidelis, alikuwa njiani kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi mlimani kama Wachagga wote.

"Mtoto hapokelewi na nyufa," mama alisema bila kugeuza shingo. "Kandika huko chini, wewe mwenye mikono midogo. Akija akute ukuta mzima. Yaliyo nyuma ya ukuta ni yetu."

Domina alikandika. Alipomaliza, mama alipapasa pale palipokuwa na ufa na hakujua ulianzia wapi. "Una mikono wewe," akasema. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza Domina aliyowahi kupewa, na mtu hasahau sifa yake ya kwanza.

Sasa ana mvi za pembeni na anaishi Falls Church, Virginia, katika ghorofa zilizo karibu na Route 7, akigawana nyumba na Violet, Mkenya anayefanya kazi kama yake. Alikuja Marekani kulea watoto wa ofisa wa ubalozi. Familia ile iliporudi Dar, yeye alikuwa ameshapata makaratasi yake kwa bahati nasibu ya viza. Akabaki, akasomea cheti cha kutunza wazee kwenye chuo cha Annandale, akaajiriwa na ofisi moja inayopeleka watunzaji majumbani. Hunyanyua, huogesha, hulisha, hukumbusha dawa. Kwao wanajua anafanya kazi hospitali. Yeye hakusema hospitali. Mama alipouliza kwenye simu, "Na sindano unachoma?" alijibu, "Kazi ni nyingi, mama, we acha tu." Ndivyo alivyo. Hasemi uongo, huuacha ukweli upite njiani bila kuusalimu.

Kwa Mzee Vilmos alifika wakati wa baridi. Ni nyumba ndogo ya matofali huko Annandale, nyuma ya barabara yenye mabango ya Kikorea. Aliyemfungulia mlango alikuwa Mhungari mrefu, aliyeinama kama mgomba wenye mkungu, amevaa tai ndani ya sweta. Alikuwa ameikimbia nchi yake akiwa kijana, mwaka wa hamsini na sita, vifaru vya Warusi vilipoingia Budapest, akavuka mpaka kwa miguu, na baadaye akafanya kazi ya kuchora ramani za majengo Washington mpaka akastaafu. Mwanawe wa pekee, Ethan, alikuwa akiishi mbali, magharibi huko, mtu wa kuja kwa ndege. Mzee alikuwa ameanza kusahau. Alisahau majina ya siku. Alisahau kama jiko linawaka. Kuna asubuhi alisahau kwamba mkewe amefariki, ikabidi aambiwe upya.

"Shikamoo, Babu," Domina alisema siku ile ya kwanza. Ilimtoka tu, kwa sababu ya zile mvi.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni salamu ya mkubwa. Wanasema hapo zamani maana yake ilikuwa, nashika miguu yako."

Mzee alifikiri, mkono kwenye kitasa. "Kwetu mtoto humwambia mkubwa, nabusu mkono. Nyie mmeinama zaidi yetu. Na mimi nijibu nini?"

"Marahaba."

"Marrrahaba," akasema, ile r ikiviringika kama tairi juu ya kokoto. Tangu siku hiyo asubuhi yao haikuanza mpaka maneno hayo mawili yameshapita.

Na juu ya meza ya kulia chakula, mahali ambapo watu wengine huweka matunda ya plastiki, palikuwa na ngome.

Jina lake Darukő, yaani Jiwe la Korongo. Ngome yenyewe ilikuwa kaskazini ya Hungaria, juu ya mwamba ulioangalia kijiji alikozaliwa Mzee. Hii ya mezani aliijenga baada ya kustaafu, kwa karatasi ngumu za maboksi, njiti za kiberiti na plasta. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji, na kila kiangazi baba na mwana walipanda mwambani na kamba yenye mafundo, wakapima kuta. Vipimo vile Mzee alitoka navyo kichwani. Nguo alizovaa siku aliyovuka mpaka zilikwisha zamani. Vipimo vilikuwa bado vipo.

Alikuwa akimsimulia Domina mchana, supu ikiwa mezani. Alianzia palepale kila siku.

"Kwanza walikuja Wamongolia. Kila cha mbao wakakichoma. Walipoondoka, mfalme akasema, mwenye kilima na ajenge kwa mawe. Ndipo bwana mmoja akapanda mwamba wetu."

Kisha alishika kijiti chake cha kuonyeshea na kuanza kupita. Alimwonyesha jinsi kuta zisivyonyooka, zinavyofuata mwamba kama kanga iliyotupwa juu ya magoti ya mtu aliyekaa. Alimwonyesha lango, daraja lake la kuinuliwa, na shimo chini ya daraja. Katikati ya uwanja palikuwa na birika lililochongwa ndani ya jiwe, kwa kuwa juu kule hapana chemchemi. Maji yalikuwa ya mvua tu, kutoka kwenye mapaa. Upande wa kusini lilikuwepo kasri, lenye dirisha refu na viti viwili vya mawe ndani ya unene wa ukuta, vikitazamana, ili watu wawili wakae kushona na kugawana mwanga mmoja. Kikanisa kiligeuza mgongo wake wa duara mashariki. Na mizinga ilipoanza kutumika, wakuu wa ngome waliwaita mafundi Waitalia, wakajengewa boma fupi, nene, la mviringo.

"Fupi kwa nini, Babu?"

"Mzinga hupenda kitu kirefu chembamba. Mbele ya kitu kinene hukasirika."

Lakini kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa mnara mkuu. Ulikuwa na pembe tano. Wajenzi wangeweza kufanya nne, kazi ingekuwa rahisi, lakini waliongeza ncha ya tano, wakaielekeza kwenye njia anayopandia adui. "Jiwe la manati ya vita likija," Mzee alisema, akikata hewa kwa kiganja, "halipati uso wa kugonga. Linateleza, kama tusi kwa mtu mwenye akili." Huko juu palikuwa na baraza ya mbao imezunguka, na matundu membamba ya mishale, na chumba cha mlinzi chenye jiko lake.

"Kwetu wazee walichimba," Domina alimwambia siku moja. "Wamasai wakija kuteka ng'ombe, watu waliingia chini ya ardhi, mapangoni, na ng'ombe wao."

"Na moshi ulitokea wapi?"

Domina hakujua. Aliona haya kidogo, mtoto wa mlimani asiyejua moshi wa babu zake ulitokea wapi.

"Sisi tulipanda, nyinyi mlichimba," Mzee alisema. "Na adui alikuwa ng'ombe yuleyule." Akacheka mpaka supu ikamwagika.

Hadithi ilikuwa na mwisho wake, nao pia haukubadilika. "Waturuki wakaja, wakashindwa kuupanda mwamba. Basi. Supu imepoa."

Kitu kimoja Domina hakukiuliza. Ule mnara aliousimulia Mzee kwa mapenzi yote, mezani haukuwepo. Palikuwa na kisiki tu, kimechongoka kama jino lililovunjika, na ukuta wa pembeni yake ulikuwa wazi, plasta imemeguka. Domina aliitazama mikono ya Mzee ikitetemeka na kijiko, akapata jibu mwenyewe. Aliona kwamba ugonjwa ulimfikia kabla hajaufikia mnara. Akanyamaza. Mwenye pengo haulizwi jino liko wapi.

Miti ilipoanza kuchipua, Ethan alipiga simu. Mzee huweka simu mezani na kuizungumzisha kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, hivyo Domina, aliyekuwa akikunja nguo, alisikia yote.

"Baba, jirani kaniambia ulitoka nje na ndara, kwenye baridi."

"Nilikwenda kuchukua gazeti."

"Ulikutwa karibu na kituo cha mafuta. Baba, nimepata nafasi kwenye makao ya wazee, dakika chache kutoka kwangu. Nakuja Jumamosi tuzungumze."

"Njoo," Mzee alisema. "Nitakupitisha Darukő jiwe kwa jiwe, kama ulipokuwa mdogo. Siku nitakayoikosea Darukő, nipeleke unakotaka, sitabisha. Mpaka siku hiyo niache nife ndani ya nyumba yangu."

"Sawa, baba," Ethan akasema. "Hayo ni makubaliano."

Domina aligeuza macho mezani, akaliona lile pengo kama vile halijawahi kuwepo kabla. Kijana anakuja, na kitu cha kwanza atakachokuta ni ufa. Atamwona baba yake ameshindwa. Sauti ya Rombo ikamjia sikioni, pwa, na mikono yake ikaanza kuwasha.

Alijua haruhusiwi. Ofisini waliambiwa wazi kwamba vitu vya mzee ni vya kufutwa vumbi, basi. Lakini alijua pia kukandika, na alikuwa amesikiliza vizuri. Mzee alipolala mchana, alipima kisiki kwa uzi. Karatasi ngumu alizikatia nyumbani, Falls Church, jikoni, ambako Violet alimkuta na mkasi na rula.

"Domina, ni nini hii? Umerudi darasa la nne?"

"Mnara wa Babu."

"Babu amekutuma?"

"Hajui. Nataka akute tu."

"Wee!" Violet akavuta kiti, akakaa kinyumenyume. "Nyinyi Watanzania mnasema maisha ya huku ni kubeba boksi. Sasa wewe umechoka kubeba, umeanza kujenga nazo."

"Nicheke, mwenzangu. Utakuja kuuona."

"Mimi nacheka tu, fundi wa mjengo. Angalia usijichome."

Plasta ilikuwepo ghalani kwa Mzee, nusu mfuko. Domina aliikoroga kwenye kikombe na kuirusha kwa ncha ya kidole, pwa ndogo ndogo, kisha akachora mistari ya mawe kwa sindano. Rangi alipaka kwa chai ya rangi, tabaka juu ya tabaka, mpaka mnara ukafanana na kuta zake kama ndugu wa tumbo moja. Aliweka baraza ya njiti. Aliweka matundu ya mishale. Ncha ya tano aliielekeza njiani. Ukweli usemwe, alipoushika kiganjani aliona fahari, na kwenye fahari ile mlikuwa na kijisauti kinachotaka kusikia tena, una mikono wewe.

Mzee alikuwa ameshaifunika ngome kwa shuka jeupe, bibi harusi akisubiri kufunuliwa. "Ataifunua Ethan," alisema. Ijumaa, Mzee akiwa bafuni, Domina aliinua pembe ya shuka, akapaka gundi, akausimika mnara, akaziba ukuta ule uliokuwa wazi kwa plasta, akashusha shuka.

Ethan alifika Jumamosi kabla ya chakula cha mchana, mtu mpole, mwenye mabega ya baba yake kabla hayajainama. Alimkumbatia Mzee muda mrefu. Domina alikuwa ameandaa chai ya maziwa na maandazi ya iliki. Mzee alivaa suti, kijiti mkononi, akasimama kichwani pa meza kama mwalimu.

"Kwanza walikuja Wamongolia," akaanza.

"Kila cha mbao wakakichoma," Ethan akadakia, akitabasamu.

"Ndipo bwana mmoja..."

"...akapanda mwamba wetu."

"Funua."

Ethan alivuta shuka. Domina alikuwa mlangoni pa jikoni na sinia. Hakuitazama ngome, aliitazama sura ya Ethan, kama mtu aliyemtengea mgeni chakula anavyotazama tonge la kwanza. Tabasamu lilikaa kidogo usoni pale, halafu likaondoka bila kuaga.

"Baba. Nini hiki?"

Mzee aliangalia. Kijiti kikashuka.

"Ni mnara," akasema.

"Mnara ulilipuliwa, baba. Miaka mia tatu sasa. Wewe ndiye uliyenifundisha." Ethan alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Ulipima kila jiwe lililokatika pale. Uliniambia ukuta mzima kila mtu anaweza kuubuni, lakini ufa haubuniwi. Ulisema hapo ndipo pa kweli kuliko pote."

"Ndiyo, ndiyo. Ulilipuliwa. Najua." Mzee alitoa kicheko kidogo cha adabu, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mgeni. "Labda nilitaka kuuona, ulivyokuwa."

"Uliujenga lini?"

"Juzi." Akasita. "Majira ya baridi." Akaiinua mikono yake, akaitazama migongo, akaigeuza akatazama viganja, kama mtoto anayekaguliwa kama amenawa. "Sikumbuki, Ethan."

Akaketi. Wekundu ulimpanda kutoka kwenye kola mpaka masikioni. "Domina, nipatie kitambaa," akasema, na Domina akaweka sinia chini akampa kitambaa kisafi. Alidhani anataka kufuta macho. Mzee alikifunua, akakiinua, akaufunika mnara.

Maneno yalifika kooni kwa Domina yakiwa tayari. Yalikuwa machache, mtu angeyasema kwa pumzi moja. Na Ethan mwenyewe akamfungulia mlango, akamgeukia akasema, "Domina, wewe unashinda naye. Umewahi kumwona akifanya mambo ya namna hii?"

Domina aliona yote kwa mara moja: ofisi, gari ambalo bado analipia, mama yake akiuliza habari za hospitali. Na juu ya hayo, hata pasipo ofisi wala gari, aliona sura ya Mzee itakavyogeuka kumtazama.

"Siku hizi anachoka sana," akasema.

Ethan akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu. Akachukua simu, akatoka uani. Kupitia dirishani Domina alimwona akizungumza huku akikuna paji la uso. Maandazi yalipoa. Mzee hakula.

Jioni Violet alikuwa akipika chapati. Domina alisimulia akiwa amesimama, hajavua koti.

"Si ungesema tu hapo hapo?"

"Mdomo ulikataa."

"Basi sasa nyamaza kabisa." Violet alipindua chapati kwa vidole. "Ukiongea, ofisi yako ita-ku-drop Jumatatu asubuhi, na hiyo cheti yako utafungia maandazi. Huyo mzee ataenda kwa wenzake, ataekewa TV, ataimbiwa birthday. Wewe utapewa mzee mwingine. Wazee hawaishi hapa Virginia."

"Violet, anadhani ni yeye."

"Anadhani nini?"

"Kwamba aliujenga mwenyewe, akasahau. Aliitazama mikono yake. Hivi." Domina akaigeuza mikono yake mwenyewe chini ya taa ya jikoni, migongo, kisha viganja.

Violet alizima jiko. "Woi," akasema, na utani wote ukamwisha.

Jumapili Domina huimba sauti ya pili katika misa ya Kiswahili, upande wa Maryland, Bladensburg. Alivaa kitenge cha kwaya, akawasha gari, akafika njiapanda ya kuingia barabara kuu ya Beltway, na badala ya kuingia akageuza kuelekea Annandale. Hakuwa ameamua kitu. Alijua tu kwamba hawezi kusimama mbele ya altare na kufungua kinywa kile.

Ethan alimfungulia. Kando ya mlango palikuwa na maboksi, baadhi yake yameshajaa vitabu.

"Leo si siku yako," Ethan akasema.

"Nimekuja kumsalimu."

Mzee alikuwa mezani, mbele ya ngome, hana tai. Kitambaa kilikuwa bado juu ya mnara. Chumba kizima kilionekana kama nyumba iliyofiwa.

"Shikamoo, Babu."

Domina alingoja ile r, haikuja.

"Leo usinishikie miguu, Domina," Mzee akasema hatimaye. "Mtu asiyejua mikono yake imefanya nini hashikwi miguu."

Domina alibaki amesimama, pochi mkononi.

"Mwisho wake sikukuambia," Mzee aliendelea, akiitazama meza. "Nilikuwa nakomea kwa Waturuki. Baada ya Waturuki, watu wetu walimwasi Kaisari wa Vienna, wakashindwa. Kaisari akaamuru ngome zivunjwe, wasije wakajificha humo waasi wengine. Askari wakaja Darukő na mapipa ya baruti. Lakini njia ile ni ya mbuzi, mkokoteni haupandi. Wakawaita wanakijiji." Alisogeza kidole kwenye njia ya kupandia. "Watu wa kwetu, Domina. Waliyabeba mapipa mgongoni mpaka chini ya mnara. Hawakupigwa ili wabebe. Waliahidiwa mawe."

"Mawe?"

"Ya kujengea. Mnara ulipoanguka walishuka nayo, pamoja na ya kasri. Jiwe la lile dirisha la kasri, lenye kiti cha mtu wa kushona, lilikuwa kwenye banda la nguruwe la babu yangu. Nguruwe walijikunia pale. Baba yangu aliliona kila siku. Ndiyo maana alinipandisha na kamba. Alisema, hatuwezi kurudisha, basi angalau tupime tulichovunja, tusikipunguze." Sasa alimtazama. "Ethan nilimwambia, ni damu yangu. Wewe nilikuonea haya. Mgeni haonyeshwi banda la nguruwe. Kila mchana nilikupa ngome nzima, na mnara wake, na baraza yake. Usiku wa kuamkia leo nimeelewa. Nilichokuficha wewe, kichwa changu kimekiamini. Uongo wangu ndio ulioniongoza mikono. Ethan ana haki. Twende zetu tu."

Alikuwa akijihukumu kwa tofali alilolifyatua Domina. Alikuwa amelichukua, akatafuta mahali pake ndani ya maisha yake mwenyewe, akalipatia.

Domina hakuwahi kukaa kwenye meza ile. Alivuta kiti akakaa. Aliondoa kitambaa, akakikunja mara mbili, akakiweka pembeni. Mnara ukasimama mwangani, mzuri, ncha yake ya tano ikimtazama yeye, kwa kuwa alikuwa amekaa upande wa njia. Aliushika chini, akaupinda kushoto, akaupinda kulia. Haukung'oka. Kazi ilikuwa imefanywa vizuri. Plasta yake ilishikana na ya Mzee, huwezi kujua moja inaishia wapi, na pale palipokuwa pa kweli kuliko pote palikuwa pamezibwa, huenda moja kwa moja.

"Domina, acha," Ethan alisema kutoka mlangoni, boksi la vitabu mikononi. "Tafadhali. Usimwongezee."

Domina alisema kitu, macho kwenye plasta.

"Sikusikia," Ethan akasema. Akaweka boksi sakafuni.

Mzee naye aliinamisha sikio, lile linalosikia. Domina alikuwa na sauti ya kujaza kanisa, sauti ya kuita mtu kutoka mgomba hadi mgomba, lakini hakuna hata moja iliyokuja kumsaidia. Aliachia mnara, akaiweka mikono yake mezani mbele ya Mzee, viganja juu, na akarudia vilevile, chinichini kama mara ya kwanza.

"Ni mikono yangu, Babu. Yako haikusahau."